Jaketi Lililombana Tabitha

Mama Tabitha alifika ziwani Jumapili asubuhi, akawakuta vijana wa kikundi cha binti yake wakikunja mahema. Jumamosi walikuwa wamekwenda kisiwani kwa mitumbwi miwili. Mmoja ulipinduka, na Tabitha hakuonekana tena.

“Mbona wenzake wote walivaa majaketi okozi, yeye hakuwa nalo?” alimuuliza Elikana, kiongozi wao.

Elikana alishindwa kumtazama usoni. “Lilikuwa linambana, mama. Mimi ndiye niliyemwambia avue. Nilisema ni mwendo mfupi tu.”

Mama hakumpiga, wala hakulia. Aliingia kwenye mtumbwi uliobaki, akashika kafi. Hakuwahi kupiga kafi maishani mwake. Mtumbwi ukawa unazunguka palepale, na vijana wakasimama majini hadi magotini, hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke.