Saa Isiyowaka

Fundi wa saa aliteremsha pazia zito la dirishani, akafunga mlango kwa ufunguo, kisha akautia ufunguo mfukoni mwa aproni yake.

“Usiogope, mwanangu. Saa kama hii haipimwi kwenye mwanga. Na mteja akifungua mlango katikati ya kazi, tunaanza upya.”

Binti alitabasamu kwa adabu. Alimjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Fundi alikuwa rafiki wa baba yake, na baba alipopotea miaka kumi na tisa iliyopita, ndiye aliyezunguka hospitali na vituo vya polisi hadi soli za viatu zikatoboka. Tangu hapo binti alimwita Baba Mdogo.

“Umerefuka hivi, siku hizi nitafute ngazi ndiyo nikusalimie? Mama hukuja naye?”

“Magoti yanamsumbua. Anangoja simu.”

Mezani, chini ya taa moja, kulikuwa na saa ya mkono, ya aina ile aliyokuwa akivaa baba, ndani ya mfuko wa plastiki wa polisi. Wachimba msingi walikuwa wameikuta wiki iliyopita pamoja na mifupa ya mtu, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ghala bovu. Majibu ya maabara yangechukua miezi. Mama asingeweza kungoja miezi; tangu habari zifike alikuwa hali, halali, anakaa tu kitandani akikunja na kukunjua shati moja la zamani. Ndipo binti akamwomba askari, na askari akakubali saa ipelekwe kwa mjuzi, irudi kabla ya jioni.

Fundi aliitoa saa kwenye ule mfuko wa plastiki kwa kibano.

“Mkanda umeoza. Namba ya nyuma imeliwa na kutu. Kwa nje inaweza kuwa ya yeyote, zilitengenezwa nyingi.”

“Ila ya baba ilikuwa na uso wa asili, ile sahani yenye namba.”

“Haujaguswa tangu kiwandani! Niliisafisha mwenyewe wiki ile ile aliyopotea. Watu walimbembeleza auze kwa pesa nyingi, yeye akawa anawacheka.” Fundi alishusha pumzi. “Na siku ile alikuwa anakuja hapa. Nilimsubiri hadi chai ikapoa.”

Binti aliyajua hayo. Nyumbani kwao yalisimuliwa hivyo hivyo, hadi kwenye ile chai.

“Sasa sikiliza. Rangi waliyopaka zamani kwenye namba na mishale ilikuwa inawaka yenyewe gizani. Miaka ikapita, ikachoka. Leo hata uimulike vipi, ukizima taa huoni kitu. Imekufa. Lakini mionzi yake bado imo, na hiki kitaisikia.”

Aliwasha kipimo kidogo kama redio ya mkononi. Kilipopita juu ya droo iliyokuwa mbele ya tumbo lake, kikaanza kulia: tik, tik, tik-tik-tik. Fundi akakiinua haraka.

“Humo nimeweka nyuso za kale. Ndiyo maana mke wangu hataki niingie jikoni na aproni hii.”

Akakishusha juu ya saa. Wakasikiliza wote wawili. Kipimo kilikaa kimya.

“Mmh,” alisema fundi.

Akaisogeza saa karibu kabisa na taa. Wakahesabu pamoja hadi sitini, binti akinong’ona kama mtoto anayeogopa kukosea. Kisha fundi akazima taa.

Namba zikajitokeza gizani, zote kumi na mbili, kijani kibichi, zimetulia. Zilikuwa na nuru ya kutosha kuonyesha ncha ya kidole cha binti ukingoni mwa meza.

“Rangi mpya,” sauti ya fundi ilisema kutoka upande wa pili. “Mtu aliutoa uso wa mwanzo akaweka huu. Anayejua kazi tu ndiye angegundua. Si saa ya baba yako, mwanangu. Kamwambie askari hivyo.”

Binti alikuwa amejiandaa kwa kilio kimoja, kikamjia kingine. Alipapasa mkoba, akapiga simu, akafungulia sauti kubwa kama alivyozoea, kwa kuwa mama alikuwa hasikii vizuri.

“Mama! Si yeye, mama! Baba Mdogo ameipima. Ya baba ilikuwa haiwaki. Hii inawaka!”

“Inawaka?”

“Kijani kabisa. Tumo gizani, naiona hapa mbele yangu.”

Kwenye simu kitanda cha mama kilisikika kikilia.

“Usiku wa kuamkia siku aliyopotea, akiwa ameshaichukua kwa fundi, aliniamsha,” mama alisema polepole. “Akaniambia, mke wangu, hebu ona, saa yangu inawaka. Mimi na usingizi wangu nikamwambia hongera, nikageukia ukutani. Kumbe hakuwa anafurahi. Asubuhi akatoka kuja hapo ulipo, kumuuliza fundi kwa nini inawaka.”

Binti aliinua macho. Juu ya meza, lile duara la kijani lilikuwa likifunikwa taratibu na kiganja cha mtu.