Figa la Tatu

Nyamizi aliruhusiwa kuingia hifadhini siku ya kukata nyasi tu, na nyasi ndizo pekee alizoruhusiwa kutoka nazo. Kwa hiyo askari wa getini alipoona mzigo wake umemwelemea shingo, alimwamuru autue.

Katikati ya nyasi kulikuwa na jiwe jeusi la masizi.

"Hata mawe, mama?" Askari alifoka. "Kila kitu humu ni mali ya hifadhi!"

"Hili ni figa la mama yangu. Jiko letu lilikuwa hapo hapo mnapopiga mahema ya wageni. Leo nimekuta wamelipikia, tena kwa kuni ambazo mimi nikiokota mnanifunga. Walipokwenda kutazama tembo, nikalichukua."

"Wageni hao ndio wametujengea zahanati. Wewe mwenyewe si unatibiwa pale?"

"Natibiwa. Nimekataa? Waje, wale, wafurahi. Mafiga mawili nimewaachia."

Askari alishusha pumzi kwa hasira, asijue amkasirikie nani. Akaliinua jiwe alirudishe. Lilikuwa bado na uvuguvugu.

Redio ya kiunoni mwake ikakoroma: wageni wamerudi, wana njaa, sufuria haikai, nani kachukua jiwe?

Askari alisimama katikati ya geti, jiwe kalikumbatia tumboni, masizi yakimchafua sare.

Nyamizi alipiga magoti akaanza kufunga nyasi zake upya, polepole, akiacha uwazi katikati.