Zawadi ya Siku ya Kuzaliwa

Fundi cherehani alikuwa amekifunga kitabu kwa kipande cha hariri, fundo lake kama ua. "Haya, mwanangu, fungua!"

Bintiye akafungua, wenzake wakimzonga midomo imejaa keki. Alipoliona jalada, uso ukamsawijika.

"Pole, shoga," rafiki yake akamnong'oneza, akajisogeza kando.

"Mama, leo nimekosa nini?"

Fundi akacheka, kisha akakumbuka. Umevunja sahani? Kasome! Unanijibu ovyo? Kasome! Sauti hiyo ilikuwa yake mwenyewe, kila siku, juu ya mlio wa cherehani.

Mtoto hakungoja jibu. Alikwenda kwenye kigoda chake cha adhabu, akaketi uso ukutani, akafungua ukurasa wa kwanza.