Pete ya Fundi Saa

Pete ilikwama kwenye kiungo cha kati, na Fundi Saa akacheka mpaka nesi akamkemea. Mtu aliyetoka kupasuliwa kupitia puani hacheki ovyo.

"Jana haikuvuka hata ncha ya kidole," akamwambia mkewe. "Leo imefika hapa! Nywea, kidole changu, nywea!"

Kwa miaka sita kivimbe kidogo kama punje ya mahindi, chini ya ubongo wake, kilikuwa kinamwaga homoni ya kumkuza mtu aliyekwisha kukua. Taya likamtoka, viatu vikamkataa, na vidole vilivyokuwa vikiokota skrubu ndogo kuliko chawa vikawa havishiki hata kibano. Pete ya ndoa ilimtoka kwa sabuni na machozi. Duka akamwachia mdogo wake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kuwatania wenzake wodini. "Changu mimi kilikuwa puani!"

Daktari alishamwambia kwamba kupona kutajulikana kwa damu, si kwa macho. Lakini Fundi Saa alikuwa mtu wa vipimo, na kipimo chake alikuwa nacho. Daktari anabashiri, alisema, dhahabu haibashiri. Basi kila asubuhi mkewe alimletea pete kwenye leso, wakaijaribu, kisha akaondoka nayo isije ikaibiwa.

"Na ile rula yangu ya chuma? Nataka nikipime kidole kwelikweli."

"Jamani, nimesahau tena! Kichwa changu hiki!"

"Mbona pete inang'aa hivi?"

"Nimeisugua. Mume wangu anapona, nimvalishe kitu kilichofubaa?"

"Haya. Na mdogo wangu, anaendeleaje dukani?"

"Anajitahidi, maskini. Vidole vyake kama vyako vya zamani."

Siku ya nne pete ikavuka viungo vyote, ikakaa kwenye shina la kidole, na ikazunguka. Fundi Saa akalia kwa sauti bila haya. Wagonjwa wenzake wakampigia makofi.

Makofi hayajaisha, daktari akaingia na karatasi ya majibu.

"Fundi, nisikilize vizuri. Homoni bado iko juu. Nabashiri tumeacha kipande, na hakitaondoka chenyewe. Kesho kutwa turudi tukakitoe. Ukienda nyumbani hivi, moyo utavimba kama ilivyovimba hiyo mikono, na hautadumu."

Fundi Saa akamwinulia kidole.

"Hii ni pete ileile niliyovishwa siku ya harusi. Wiki iliyopita haikuingia, leo imeingia. Sasa nani mwongo, mimi au mashine yako?"

"Mimi sijui habari za pete. Najua damu."

"Basi baki na damu yako, daktari!"

Daktari akamgeukia mke. Mama wa watu alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja leso na kuikunjua.

"Mwili ni wake, daktari," akasema taratibu. "Ameteseka vya kutosha. Mnataka kumkata mara ngapi?"

Fundi Saa akatia sahihi ya kukataa upasuaji, kalamu ikipotea katikati ya vidole. Aliahidiwa kuruhusiwa kesho yake. Pete safari hii hakuivua, na mkewe hakuiomba.

Jioni, sonara wa mtaa wa nyuma alimwona mama huyo akiingia dukani kwake kwa siku ya nne mfululizo. Akawasha taa ya mezani, akanyoosha kiganja.

"Lete nikutanulie. Ila nakuonya, mama, dhahabu yake imebaki nyembamba kama karatasi. Nikiigonga tena itakatika."

"Ile basi, ameshaivaa," akasema, akamshika shemeji yake mkono na kumvuta mbele. "Leo mpime huyu."