Miche ya Shamba la Juu

Daktari alibandika picha mbili dirishani, ya kabla ya upasuaji na ya leo.

"Ule uvimbe tuliokata ulikuwa umekua mara mbili ndani ya wiki chache," alisema taratibu. "Unaokimbia namna ile, hata tukiutoa wote, mara nyingi hurudi. Umerudi, mama. Safari hii pafu la pili la mumeo."

Mama Somoe aliliangalia lile doa jeupe, dogo kama punje ya mtama. Hakuuliza umebaki muda gani. Alishukuru, akatoka.

Mumewe alikuwa barazani. Alikataa kuingia, alisema picha zile zinamkata pumzi. Miguuni pake ilijipanga miche ya mikorosho aliyoinunua asubuhi, naye alikuwa akichomeka kidole kwenye viriba, kimoja kimoja, kuona kama udongo bado una maji.

"Hii ndiyo ile mbegu mpya, Mama Somoe. Miaka mitatu tu, tunaokota korosho. Tutaijaza shamba la juu lote, kule Chilangala."

Mama Somoe aliinama, akanyanyua mche mmoja. Majani yake machanga yalikuwa mekundu, laini kama sikio la mtoto.

"Shamba la juu tupande choroko," alisema.

Mumewe alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Choroko? Zile za miezi miwili tu umeshavuna?"

Mkewe alikuwa anafuta vumbi kwenye jani ambalo halikuwa na vumbi.

Kicheko kiliisha. Kidole cha mume kilibaki kimezama kwenye udongo.