Majibu Mafupi

Ngumi ya kwanza ilitua kabla kijana hajamaliza kusema karibu.

Ya pili ilimkuta njiani akianguka. Meza ya kuchorea ikapinduka, rula zikamwagika, chupa ya wino ikaviringika mpaka mlangoni. Muuza nyama akamrukia pale pale sakafuni, bado amevaa aproni ya buchani, damu ya ng'ombe kifuani na sasa ya mtu mikononi.

"Unamjua dada yangu?"

"Namjua, kaka, lakini—"

Hiyo lakini ilirudishwa kooni kwa kiwiko.

Mambo yalianza asubuhi. Mdogo wake alipita buchani, akachomeka simu ipate chaji, akaenda zake kusuka. Mwezi mzima binti huyo hali, halali, anaamka na macho mekundu kama aliyekesha akikata vitunguu, na nyumba nzima, mashangazi kwa wapangaji, imeshamkisia kila ugonjwa. Fani yake ni kuchora ramani za nyumba, na jina alishajijengea. Mwenye kiwanja akitaka ghorofa, humtafuta yeye kwanza. Hata hilo halikumtoa tabasamu tena. Kaka mtu alimlea tangu anatambaa, na namba ya siri ya simu yake aliijua. Simu ilipolia, akaifungua.

Yake yeye ni ya vitufe: ujumbe huja mmoja, unausoma, unaufuta. Hii ilikuwa na ukurasa mzima. Juu kabisa, picha ya kijana na neno moja, "Mchoraji". Chini yake, upande mmoja, maneno marefu marefu.

"Jumamosi kuna watu wakubwa wa fani yetu, nataka nikutambulishe kwao. Njoo peke yako."

"Ni chakula cha kikazi tu, mbona unaogopa? Vaa ile ya bluu, inakupendeza mno."

"Kipaji kama chako kinahitaji mtu wa kukishika mkono. Jana nimeota nimekushika."

Upande wa pili, majibu mafupi. "Asante, nimebanwa." "Tuonane ofisini tu, tafadhali." "Naomba tuongee kazi."

Nani anambembeleza nani, hilo hakuhitaji kuelezwa. Kilichomchoma ni yale majibu. Adabu yote hiyo, kwa mshenzi kama yule! Ni malezi yake mwenyewe yaliyokuwa yakimponza mtoto.

Akampelekea picha fundi cherehani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye hata paka akizaa mtaa wa tatu anajua ni wangapi.

"Huyo? Si yule wa juu ya duka la rangi!" fundi akasema, sindano mdomoni. "Juzi nimemwona mgahawani na mdogo wako. Mmoja anaongea, mwingine anatazama mlango. Nikajisemea, hapa pana jambo."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie wewe, na kisu mkononi?"

Kisu alikiacha buchani. Hiyo ndiyo hisani pekee aliyomfanyia kijana.

Na sasa akamwinua kwa kola, akambamiza ukutani. Alitarajia mtu mzima, kitambi mbele, funguo za gari kidoleni. Huyu shingo yake ilienea kiganjani. Ukutani zilining'inia ramani tatu, zote na muhuri wa ofisi ya mdogo wake. Hata kazi za binti wa watu kajibandikia!

"Wewe ndiye wa kutambulisha watu kwa wakubwa? Wewe?"

"Sikwenda, kaka! Haki ya nani, hiyo Jumamosi sikwenda!"

"Ungekwenda ningekuja na panga."

Akampiga tumboni, akampiga tena alipojikunja, goti likamalizia usoni. Jino likadondoka juu ya mchoro wa sebule ya mtu, likaacha doa pale pa kuweka dirisha.

"Nitaacha kazi," kijana akalia, maneno yakitoka na mapovu mekundu. "Nitahama kabisa. Mwambie nitahama."

"Unaandikia mkono gani?"

Kijana hakuelewa. Macho yake tu ndiyo yalishuka kwenye mkono wa kulia, na hayo yalitosha. Mtu wa bucha anajua kiungo kinapoachana na kiungo. Aliulaza juu ya ubao wa kuchorea, akaukandamiza kwa goti, akavuta. Mfupa ulilia kidogo tu, kama karoti. Ukelele ndio uliowatoa nje watu wa duka la rangi.

Aliporudi buchani alimkuta mdogo wake mlangoni anahema, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Habari za fundi cherehani zilishafika saluni.

"Kaka, umetoka wapi?"

"Kukutua mzigo. Yule mchoraji hatakusumbua tena. Mkono ule haumwandikii tena dada wa mtu."

Alitegemea kukumbatiwa. Badala yake binti aliteleza taratibu mpaka chini, akakaa kwenye maji ya kuoshea nyama na nguo yake nzuri.

"Mkono wake," alisema. "Mkono upi, kaka?"

"Unamlilia? Mtu aliyekung'ang'ania namna ile?"

Binti alinyoosha kiganja kutaka simu yake.

Kabla hajapewa, ikalia mkononi mwa kaka yake. Picha ile ile juu. Ujumbe mpya ukaingia, herufi zimerukaruka kama zilizoandikwa kwa mkono usiozoea, ukatulia upande wa majibu mafupi.

"Kaka yako kanivunja mkono. Sasa niache, tafadhali."