Lifti ya Wachimbaji

Asubuhi yake ya kwanza kazini, Hurshida alishika wenzo wa lifti ya mgodi wa makaa, na wachimbaji kumi na wawili wakagoma kuingia.

"Dada, wewe umetoka kusini, mchuma pamba," msimamizi wao alimwambia kupitia dirisha la kibanda cha lifti. "Hatumpi mgeni roho zetu."

Pale Karaganda, mji wa migodi, kila ukoo ulitoka kwingine. Hurshida alikuja na mabegi mawili na cheti cha kuendesha lifti alichokitolea jasho miaka miwili. Wenzo hakuuachia.

"Kaka, babu yako alizaliwa hapa?"

Nyuma ya msimamizi mchimbaji mmoja akaangua kicheko. "Babu yake? Aliletwa kwa nguvu, ndani ya behewa la ng'ombe!"

"Basi sote wageni," Hurshida akasema. "Ngazi ile pale, mita mia nne kwenda chini. Asiyenitaka ashuke kwa miguu. Mimi sing'oki."

Mzee mmoja Mkorea akakohoa, akakaza mkanda wa kofia, akaingia. "Tushushe, binti. Makaa hayajichimbi."

Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Msimamizi alikuwa angali nje Hurshida alipovuta wenzo.